Msumari Mmoja Wawatosha
Boti ya Lamu ikifunga gati Mtangawanda, abiria wa Siyu na Faza hushuka na njaa zao, na mkahawa wa watu wanane hujaa kabla chai haijachemka. Mwulize tajiri: wafanyakazi wabadilishe nguo wapi? "Nafasi finyu, mwanangu." Kweli, maana palipopimwa chumba chao pameketi friji la tatu la soda. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yadai maji ya kunawa, pa kuwekea nguo na pa kukalia. Basi vyote vipo! Bahari hiyo, msumari juu ya gunia la vitunguu, na debe lililopinduliwa, ambalo tajiri mwenyewe hulikalia akihesabu pesa.