Asali ya Kumwaga: Barua Kutoka Nizwa

Kwa Mjomba mpendwa, pamoja na jamaa wote wa Mpanda,

Baada ya salamu zilizo nyingi kuliko vumbi la Mpanda mwezi wa Septemba, nawaarifu ya kuwa mimi ni mzima wa afya, na kwamba, tajiri wangu aliponijalia ruhusa fupi ya mapumziko, nilitoka Maskati kwa basi kwenda kuuzuru mji wa Nizwa, uliopata kuwa makao ya maimamu wa Oman, kwa azma ya kutazama husuni yake na soko lake, na kwa azma nyingine, ambayo sikumfunulia mtu, ya kupata picha za kuwarushia roho ninyi mliobaki.

Husuni hiyo aliijenga Imam Sultan bin Seif wa nasaba ya Yaarubi, yule yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na yasemekana kazi ya mnara wake ilichukua miaka 12. Ngazi yake ni nyembamba yenye kupindapinda, ina milango ya hadaa na mashimo ya kumtega asiyealikwa, na juu ya milango pana matundu ambamo walinzi walimmiminia adui asali ya tende iliyochemka. Hapo, Mjomba, nilisimama hata bawabu akanidhania nimepatwa na maradhi. Kwani mtu aliyelelewa kwa asali ya nyuki wa Inyonga, akapigwa kofi kwa kulamba kidole kimoja bila idhini, hawezi kusadiki kwa wepesi kwamba walikuwako waja wa Mungu wenye asali ya kumwaga, tena wakammwagia adui. Msomeeni Bibi habari hii taratibu. Hatauliza walioungua walikuwa wangapi. Atauliza kama kuna aliyekinga chombo chini.

Majambia ya fedha, vyungu vya Bahla na halwa yenye zafarani niliyapita upesi, maana bei zake hazikunikaribisha, nikafika kwenye mnada wa mbuzi, ambao hufanyika Ijumaa asubuhi kabla ya watu kwenda kuswali. Nilikuwa nimelipa nauli ya haja ili nione ajabu za ugenini, nikajikuta mnadani kwetu, ila ya kwamba hapa wanunuzi, wenye kanzu nyeupe pe na bakora mkononi, hukaa kitako bila ya haraka, na mbuzi ndiye anayezungushwa mbele yao kama bwana harusi, huku udi na marashi vikishindana na harufu ya beberu bila ya kuishinda.

Mzee mmoja mwenye kilemba, aliyenisikia nikiinung'unikia bei kwa Kiswahili, akanigeukia kwa Kiswahili fasaha cha Unguja, cha kumtia haya mtu wa bara:

"Mwanangu, beberu huyo mkongwe, mwache."

Nilipomtajia Mpanda, akapiga goti lake kwa furaha: "Reli ya Kaliua! Ile ya madini ya risasi!" Kumbe baba yake alikuwa na duka Tabora. Kisha akauliza, kwa adabu tele, kama boma la Karema lingali limesimama.

Boma hilo, Mjomba, alilianzisha Kapteni Cambier, Mbelgiji, mwaka 1879, likakabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Nasi watu wa Katavi twaenda Karema kufuata migebuka, twageuza shingo kwa muuza samaki tu. Wenzetu huku, ghairi ya kuuza mbuzi, wanatoza kiingilio kwa tundu la asali.

Basi nakuomba, kwa hisani yako, utakapokwenda tena ziwani, ulitazame boma hilo kwa makini, hasa juu ya milango, kisha uniandikie ulichokiona; na utakapompata msafiri wa huku, umpe na chupa ya asali ya Inyonga iliyofungwa barabara, kwa sababu yule mzee amekataa katakata kwamba inaishinda ya tende, nami nimemwahidi ushahidi.

Wako mtiifu,
Mpwa wako