Chui Asiye na Muhuri

"Baba, muhuri wako uko wapi?"

Mhasibu wa hoteli aliniuliza hivyo juzi, kwa adabu zote, ameishika ankara yangu kwa vidole viwili, mbele ya mlinzi na muuza samaki. Nikamwonyesha sahihi. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Hiyo ni sahihi tu, baba."

Sahihi tu! Sahihi hiyohiyo imo pembeni mwa kila mchoro niliowaletea, na bila hiyo wasingeupokea. Kwenye hadibodi inathibitisha kwamba chui ni wangu. Kwenye karatasi haithibitishi hata kwamba mimi ni mimi.

Ambaye hajawahi kuiuzia ofisi kitu asidhani unapeleka mzigo ukalipwa. Kwanza unaandika profoma, yaani ankara isiyodai. Profoma ikipita inazaa LPO, yaani hati ya kuagiza, na hapo ndipo unafungua kopo la rangi. Nayo michoro ya mtindo wa Tingatinga haiharakishwi: rangi ya nyuma ikauke kabla chui hajakaa juu yake, chui naye akauke kabla hajapewa madoa. Mzigo ukifika, inasainiwa hati ya makabidhiano. Ndipo ije ankara yenyewe, na risiti ya EFD, mashine ya kodi, ambayo mimi naivulia kofia: mashine inaitangazia serikali kwamba nimeuza, wakati mfukoni sina hata nauli ya daladala. Na kwa kuwa LPO imeandikwa "huduma ya uchoraji", asilimia 5 inabaki kwao kama kodi ya zuio. Mwisho, hati ya malipo inatafuta sahihi mbili za wakubwa, na mwenye sahihi ya pili daima yuko safarini. Sahihi zao, nimegundua, zinatosha zenyewe.

Nikaenda Kariakoo kuchongesha muhuri. Fundi akauliza jina la kampuni. Nikamwambia kampuni ni mimi. Akaniangalia juu mpaka chini, akaandika jina langu na kuongeza "Enterprises". Sanduku la posta? Nikaazima la shemeji. Cheo? Kabla sijajibu nilikuwa mkurugenzi. Nikaomba aweke na kichwa kidogo cha chui katikati. Fundi akaweka kalamu chini: "Mzee, picha inaongeza bei." Miaka yote nimesubiri mtu wa mji huu aseme maneno hayo, na aliyeyasema alikuwa ananidai mimi.

Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mtindo huu mwaka 1968, alikuwa akiuza michoro yake nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Sidhani kama kuna mzungu aliyemwomba profoma.



Sisi wa leo, hata kikundi chetu cha wasanii kina katiba, mwenyekiti na mweka hazina. Mchezo wa upatu wa kila mwezi ulikufa siku mweka hazina alipopokea zamu yake. Hata hivyo sitoki, maana ndimo tunamopeana habari za kweli: nani analipa, nani anazungusha, na mhasibu yupi ukimwamkia vizuri faili lako linapanda juu.

Lakini kuna jambo linaniuma. Siku ile ya muhuri, muuza samaki alilipwa. Fedha taslimu, pale pale, kwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, bila muhuri wala sanduku la posta. Nikamuuliza mhasibu kulikoni. Akajibu bila hila yoyote: "Samaki angeoza, baba."

Kumbe ndiyo hesabu yenyewe. Anayeweza kusubiri ndiye anayesubirishwa, na msanii wanamwona amezoea. Kodi ya nyumba yangu nayo haiozi. Mwenye nyumba ndiye anayechacha.

Muhuri ninao sasa, malipo bado. Profoma ijayo nitaandika chini, kwa wino mwekundu, na kugonga muhuri juu yake: "Chui huyu asipolipiwa ndani ya wiki moja, ataanza kunuka."