Usukani Mpya, Breki za Miguu

Baiskeli ya Black Mamba haina vipuri, ina ukoo. Ukigusa kimoja, wengine wote wanakuja kuuliza umemfanyia nini ndugu yao. Yangu iliguswa kwenye usukani.

Jirani yangu hapa Chepsaita aliiazima kupeleka gunia la mahindi kusagwa. Jioni akaiegemeza kwenye ua na kusema, "Mwalimu, usukani umeinama kidogo tu." Kidogo kwa kipimo cha nani? Mkono wa kushoto ulitazama Turbo, wa kulia Eldoret mjini.

Fundi alinishawishi nichukue usukani mnyoofu, wa baiskeli za milimani. Lakini kwanza ule wa zamani utoke. Ndani ya shingo ya fremu mna bolti ndefu inayovuta koni ya chuma. Koni ikibana, usukani hautikisiki. Yangu ilibana tangu enzi ya Moi. Fundi akalegeza bolti, akaweka kibao juu yake, akagonga kwa nyundo. Wapi! Akamimina mafuta taa. Watazamaji, ambao huku hawakosekani, wakaanza kutoa ushauri: mmoja moto, mwingine mkojo wa ng'ombe, wa tatu akasema ninunue pikipiki. Nyundo ikarudi, koni ikaachia, fundi akajikuta amekaa chini na usukani mkononi kama dereva wa matatu.

Hapo ndipo wakwe walipoanza kufika. Breki za Black Mamba ni vyuma vilivyofungwa kwenye usukani wenyewe: ukivuta, vinainua raba hadi zibane ringi kwa ndani. Usukani ukitoka, breki zimeondoka nao. Haya, tufunge za waya. Za waya hubana ringi ubavuni, na ringi ya Black Mamba ina ubavu wa mviringo. Raba haipati pa kushika. Basi tubadilishe ringi? Za inchi 28 zenye ubavu bapa fundi hakuwa nazo. Alikuwa na za 26, ambazo zingetaka tairi zake, tyubu zake na, kwa hesabu ya fundi, fremu yake.

"Mwishowe, mwalimu," akasema bila aibu, "tutabakisha kengele."

Nikaondoka na usukani mpya, bila breki, na agizo la kwenda polepole hadi breki zipatikane. Polepole ni rahisi kwenye tambarare. Kwenye mteremko nilikuta kundi la wanariadha wakijiandaa kwa mbio za nyika, ambazo Chepsaita inajulikana kwazo. Wenyeji hupisha wanariadha. Hiyo ni heshima. Mimi nilipiga kengele, nikakandamiza akala kwenye tairi la nyuma, raba kwa raba, harufu ikatangulia mbele yangu.

Wakanipisha wao. Kijana mmoja akageuka, akakimbia sambamba nami bila hata kuhema.

"Mwalimu, leo ni mazoezi gani?"

"Ya kusimama!"

"Hayo yanaanzia wapi?"

"Sijui yanaanzia wapi, kijana. Shika kibebeo!"