Namna ya Kuuza Vita vya Silaha Hewa

Mheshimiwa Waziri, hongera kwa uteuzi. Kabla hujapanda jukwaani kutangaza vita vyako vya kwanza, tafuta dalali wa viwanja akufundishe kazi. Dalali mzoefu hauzi ardhi. Anauza wasiwasi kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani na fedha taslimu. Waliouza vita vya Iraq mwaka 2003, kule Washington na London, waliujua ufundi huo barabara, na mwongozo huu umeokotwa kwenye daftari lao.

1. Badilisha kibao cha ofisi. Marekani ilikuwa na Wizara ya Vita tangu 1789. Jina hilo likafutwa mwaka 1947, na kufikia 1949 kibao kikasomeka Ulinzi. Tangu hapo Wamarekani hawajamvamia mtu. Wamekuwa wakijilinda tu: Vietnam, Grenada, Panama, Iraq. Mwaka 2025 Donald Trump aliagiza jina la zamani lianze kutumika tena. Usimwige, huyo ameamua kuuza bila kufungasha.

2. Ivalishe hofu saa. Kusema adui ni hatari hakutoshi. Hata jirani ni hatari, na watu wanaishi naye. Toa dakika. Septemba 2002 serikali ya waziri mkuu wa Uingereza, Tony Blair, ilichapisha ripoti ikidai kwamba Iraq ingeweza kuziweka tayari silaha zake za maangamizi ndani ya dakika 45. Taarifa ya awali ilihusu silaha za uwanja wa mapambano, si makombora ya kufika ng'ambo. Hapo wewe nyamaza. Magazeti yatajumlisha yenyewe, na msomaji atakunywa chai yake ya asubuhi akihesabu dakika.

3. Tafuta karatasi. Mwananchi huheshimu muhuri. Ilipodaiwa kwamba rais wa Iraq, Saddam Hussein, alikuwa akisaka urani Afrika, zikatokea barua za kutoka Niger. Machi 2003 Mohamed ElBaradei, mkuu wa wakaguzi wa nyuklia wa Umoja wa Mataifa, aliliambia Baraza la Usalama kwamba barua hizo hazikuwa halisi. Moja, ya mwaka 2000, ilikuwa na sahihi ya waziri aliyekwisha kuacha wizara miaka mingi nyuma. Kijana anayechonga mihuri ya bandia uchochoroni angeona haya; yeye walau huuliza kwanza nani yuko madarakani.

Kughushi kukikushinda, nakili. Februari 2003 ofisi ya Blair iliwagawia waandishi wa habari ripoti nyingine, ambayo sehemu kubwa ilinyofolewa kwenye kazi ya mwanafunzi wa Marekani, makosa yake ya uandishi yakiwemo. Mahali alipoandika kwamba Iraq inasaidia makundi ya upinzani, wanakili wakaweka magaidi. Mtahini wa kidato cha nne angewakamata. Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliisifu ripoti hiyo mbele ya Baraza la Usalama.

4. Leta shahidi. Awe mbali, asihojiwe. Mwaka 1990, kabla ya vita vya Ghuba, binti wa miaka 15 aliwaeleza wabunge wa Marekani kwa machozi kwamba aliwaona askari wa Iraq wakiwatoa watoto njiti kwenye mashine zao hospitalini Kuwait. Vita vilipokwisha ndipo ikafahamika kwamba ni binti wa balozi wa Kuwait pale pale Washington, na kwamba kampeni nzima ilikuwa ya kampuni ya mahusiano ya umma. Mwaka 2003 shahidi mkuu wa maabara za sumu zinazotembea juu ya malori alikuwa mkimbizi wa Kiiraki aliyehifadhiwa Ujerumani, jina la kijasusi Curveball. Powell alionyesha michoro ya malori hayo na kuinua kichupa chenye unga mweupe. Curveball alikiri mwaka 2011 kwamba alitunga.

5. Bei usiitaje. Mshauri wa uchumi wa Rais George W. Bush, Lawrence Lindsey, aliropoka kwamba vita vingeweza kugharimu dola bilioni 100 hadi 200. Kabla mwaka 2002 haujaisha, kazi hakuwa nayo. Wa kuigwa ni waziri wa ulinzi, Donald Rumsfeld: siku sita, pengine wiki sita, miezi sita alitilia shaka. Askari wa Marekani waliondoka Iraq Desemba 2011.

6. Kusanya wapambe. Harusi haipendezi bila wapambe. Orodha ya nchi zilizoiunga mkono Marekani ilikuwa na Uganda na Rwanda, na Palau pia, nchi ya visiwa isiyo na jeshi. Wananchi wako wakiandamana kwa mamia ya maelfu, kama walivyofanya London Februari 15, 2003, wasifu kwa kuitumia demokrasia yao, kisha endelea na ratiba.

7. Bidhaa ikikosekana, cheka, kisha unda tume. Machi 2004, kwenye dhifa na waandishi wa habari, Bush alionyesha picha zake akichungulia chini ya samani ofisini, akitania kwamba silaha lazima ziko mahali fulani. Ukumbi ukacheka. Familia za waliozikwa hazikuwa zimealikwa. Kwa upande wa tume, jifunze kwa Waingereza: ya John Chilcot ilianza kazi 2009, ikatoa ripoti 2016, maneno milioni 2.6. Atakayemaliza kuisoma atakuwa amekwisha kustaafu, na wewe pia.

Mwongozo una kasoro moja, Mheshimiwa, nayo haikutokea kwa waliouza bali kwa aliyewarithi. Agosti 21, 2013 gesi ya sumu iliua mamia ya watu Ghouta, karibu na Damascus, Syria. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walithibitisha baadaye kwamba ni sarini. Safari hii silaha hazikuwa hewa. Siku nane baada ya shambulio, waziri mkuu David Cameron aliwaomba wabunge wa Uingereza waunge mkono hatua za kijeshi, huku akikiri mwenyewe kwamba Iraq ilikuwa imetia sumu kisima. Wakamkatalia, kura 285 kwa 272.

Kama mabomu yangewaokoa watu wa Ghouta au yangewaongezea makaburi, hilo lilistahili mjadala wake. Haukupatikana. Wengi ukumbini walikuwa bado wanajadili dakika 45.

Sasa panda jukwaani, Mheshimiwa. Ukiona watu wamekumbatia mikoba yao, usiwaulize sababu.