Kabati la Bibi na Peugeot ya Baba

Baba aliienzi Peugeot 504 yake, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Gari za 504 zilianza kuundwa mwaka 1968. Yetu ilitumia kabureta na haikuwa na kigeuzi kichocheo cha moshi, kile ambacho magari mengi mapya ya Marekani yalianza kufungwa mwaka 1975. Moshi wake ulitoka na sumu yake yote.

Siku ya kumpelekea Bibi kabati la vyombo Gashoho, kabati halikuenea nyuma ya safu ya tatu. Baba akaufunga mlango wa nyuma kwa kamba, nusu wazi. Watoto tukawekwa huko nyuma, mvua ikinyesha, vioo vyote juu.

Tuliondoka Gitega. Tulipovuka mto Ruvubu kuelekea Karuzi, mdogo wangu akalalamikia kichwa. Mama akalaumu kona. Mdogo wangu akatapika, yakalaumiwa maparachichi. Mimi magoti yakanilegea. Dada, ambaye safarini hanyamazi, akalala usingizi mzito mchana kweupe. Waliokaa mbele walikuwa wazima kabisa, na hapo ndipo Shangazi, muuguzi, alipogutuka.

"Kaka, simamisha gari! Watoe watoto nje!"

Gari likienda, hewa ya nyuma yake huzunguka na kurudi, na mlango ulio wazi huvuta moshi wa bomba hadi ndani. Katika moshi huo mna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200, moyo ukawa unasukuma damu isiyobeba pumzi. Katika hewa ya kawaida, nusu ya sumu hiyo huchukua saa nne au tano kutoka mwilini. Kwa oksijeni safi, huchukua takriban saa moja au moja na nusu. Kwa hiyo Shangazi hakuridhika na upepo wa barabarani. Alisimamisha gari la wapita njia, akatukimbiza penye oksijeni.

Peugeot ilipofika Gashoho, fundi aliziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene, injini ikiunguruma, akatega sikio. Moshi ulipiga mluzi kwenye maungio ya sailensa. Alipofunua kapeti, sakafu chini ya viti vyetu ilikuwa imeliwa na kutu. Bomba nalo lilikuwa limekatwa zamani, likaishia chini ya buti badala ya kuchomoza nje ya bampa.

Tulipopata nafuu na kufikishwa kwa Bibi, Baba alitaka kulizungushia bomba kopo la maziwa na waya, turudi kesho yake.

"Mwanangu," Bibi akamwambia, "vyombo vyangu vimekaa sakafuni miaka yote hii. Wajukuu wangu hawapandi humo."

Peugeot ikabaki uani hadi bomba jipya lilipofika kutoka Muyinga, likachomelewa, na sakafu ikapigwa bati. Mama hakungoja hayo. Alikifungua kiti cha safu ya tatu kwa spana akakiacha barazani kwa Bibi, ambako wageni wanakikalia hadi leo.