Hatua Saba za Kumchunguza Mkwe Mtarajiwa Pale Mangina

Posa imeingia nyumbani kwako. Kijana anajua kusalimia, hataji papa wala mama wa mtu bila kuinamisha kichwa, na wazee wa kwao wamekubali kukaa kuzungumza hesabu ya mbuzi. Kasoro ni moja: katika ukoo wako hakuna anayejua alikuwa wapi kabla ya 2018. Wewe kama mzazi mwenye busara unataka kujua kama amewahi kulala kasho (rumande), kama aliiba kakao ya watu, kama alipitia msituni. Ni maswali halali, na kwenye karatasi serikali inayo majibu yake. Mwongozo huu utakufikisha kwenye majibu hayo, au karibu nayo, au angalau utakufikisha Beni na kukurudisha.

Kwa asiyepajua, Mangina iko katika teritwari ya Beni, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kilomita kama 30 kutoka mji wa Beni, kwenye barabara inayoelekea Mambasa. Bahari hatuna, lakini tunaishi kama watu wa kisiwa: kakao na msitu vimetuzunguka, barabara za kutokea zinahesabika, na kila mmoja ana hakika kwamba anamjua mwenzake. Hakika hiyo ndiyo itakayokusumbua kuliko ukosefu wa karatasi.

Hatua ya kwanza: pata jina lake kamili, kisha usilitegemee. Kwa kabila la Wanande jina la mtoto hufuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Ukifika ofisini ukauliza kama kuna kesi ya Kambale, utaulizwa kwa upole: yupi? Huenda karani mwenyewe ni Kambale, mlinzi ni Kambale, na wewe unayeuliza mdogo wako ni Kambale. Ongeza jina la ubatizo, umepunguza wachache. Ongeza jina la baba, na baba naye ni Kasereka.

Usidhani kadi itakuokoa. Kwa miongo mingi nchi haikutoa kitambulisho cha taifa, basi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho chetu, na wananchi wameandikishwa 2005, 2011, 2017 na 2023. Kwa mwenye haja, kila uandikishaji ulikuwa nafasi ya kuzaliwa upya. Mtu aliingia Kambale wa 1984, akatoka Kasereka wa 1991: umri umepungua miaka saba, na kaka mmoja ameongezeka.

Hatua ya pili: mwombe alete cheti cha mwenendo mwema. Hutolewa na viongozi wa karibu, na kina heshima kubwa kwa sababu kina mihuri. Aliyekitia sahihi hana daftari la hukumu za mahakama. Anachojua ni kwamba kijana anakaa mtaani, hakosi salongo (kazi ya pamoja ya mtaa) Jumamosi, na hajawahi kugombana na shefu. Kama alichinja mtu Mambasa, hilo ni la Mambasa. Cheti kinasema ukweli mtupu: katika barabara hii, tangu ahamie, ni mtu mwema.

Hatua ya tatu: nenda parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Sasa tunaingia kwenye sheria yenyewe. Rekodi ya jinai tuliyonayo tumeirithi kutoka kwa Wabelgiji, na mtindo wenyewe ulianza Ufaransa mwaka 1850, pale serikali ilipoamua kwamba hukumu za mtu zikusanywe mahali pamoja. Marekani, mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kusoma makosa ya jirani yake akiwa kitandani. Huku mtindo ni mwingine: dondoo la rekodi hupewa mwenyewe anayelihitaji kwa kazi au safari, si jirani mwenye udadisi. Kwa hiyo njia halali ya kujua kama kijana ni mwizi ni kumtuma huyo huyo kijana akakuletee karatasi inayosema si mwizi. Ataleta. Wote huleta.

Ukitaka kwenda naye, panda pikipiki hadi Beni asubuhi na mapema, na utenge pesa ya vizuizi. Ubebe na dola isiyo na jeraha. Katika Beni na Butembo noti iliyopasuka milimita mbili ukingoni haipokelewi, hata kama benki yenyewe ndiyo iliyokupa. Tazama inavyopokelewa dirishani. Karani anaiinua kwenye mwanga, anaigeuza, anapitisha kidole gumba pande zote nne, anamwita mwenzake naye aitazame. Kisha anaandika dondoo la kijana bila kuinua macho. Hapo utatamani mkwe wako angekuwa noti ya dola ishirini.

Hatua ya nne: jua kesi yake ilikuwa mahakama gani. Usikimbilie kusema hana kesi kwa sababu hukuiona parke. Tarehe 6 Mei 2021, Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa kwenye mahakama za jeshi. Mwizi wa kuku aliyezoea kusimama mbele ya hakimu mwenye joho akajikuta mbele ya hakimu mwenye cheo. Faili zikagawanyika kati ya parke na oditora (parke ya jeshi), kati ya kabati la raia na kabati la wanajeshi, na kila kabati lina mwenye ufunguo aliyekwenda mazikoni.

Kumbuka pia msamaha. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 ilisamehe makosa ya uasi na ya kisiasa yaliyotendwa kati ya 2006 na Desemba 2013, ingawa haikugusa uhalifu wa kivita wala ubakaji. Kijana aliyebeba bunduki miaka hiyo anaweza kuwa safi kabisa kisheria. Wengine waliotafutwa jana leo wanaitwa wazalendo, wapiganaji wa upande wa serikali, na ndio watakaokuuliza kadi yako kwenye kizuizi utakapokuwa ukienda kuuliza habari zao.

Hatua ya tano: usiamini orodha ya gereza. Tuseme umepata bahati na karani amekuonyesha jina lake: amefungwa Kangbayi pale Beni, miaka kumi. Shangwe! Lakini kijana yuko sebuleni kwako anakunywa chai. Hilo lisikuchanganye. Tarehe 11 Juni 2017 gereza la Kangbayi lilishambuliwa na wafungwa zaidi ya 900 wakatoka. Tarehe 20 Oktoba 2020 likashambuliwa tena, wakatoka zaidi ya 1,300. Usiku wa kuamkia 10 Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura pale Butembo, wakatoka zaidi ya 800. Waliorudi au kukamatwa tena ni baadhi tu. Wengine walitawanyika mashambani, wakapata wake, wakapata kanisa, wakapata kadi ya 2023.

Lakini tahadhari. Katika magereza yetu wengi ni mahabusu ambao hawajasomewa hukumu yoyote. Yuko aliyewekwa ndani kwa deni la mbuzi, akasubiri hakimu miaka miwili, na mlango ulipovunjwa akatoka na wenzake kwa sababu kubaki kulikuwa kufa. Daftari linamwita mtoro. Sheria haijawahi kumwita mhalifu.

Hatua ya sita: waulize watu. Hii ndiyo hatua ambayo kila mtu huanza nayo, tena ni bure. Nenda sokoni, umkute mama mmoja anayepanga maharage kwenye debe, umtaje kijana. Atafuta mikono, atatazama kushoto na kulia. "Papa, miye siko nasema mutu," atakuambia, kisha atasema robo saa nzima. Utajua kwamba kijana alifungwa, kwamba aliyefungwa ni kaka yake, kwamba hakufungwa ila alistahili, na kwamba mama yake alikuwa na mdomo mrefu tangu usichana.

Anayeaminika kidogo ni mnunuzi wa kakao, kwa kuwa yeye hulipia makosa yake. Huingiza mkono gunia zima mpaka chini, hutoa punje, huivunja kwa meno na kuitema kando ya mzani. Mwenye shamba huleta kakao iliyochachuka vizuri na kukauka. Anayeleta kakao mbichi alfajiri, ilhali hana hata mti mmoja, mnunuzi anamjua kwa sura. Lakini hatakuambia jina, kwa sababu aliinunua.

Hapa naomba tuache mzaha kidogo. Mangina imewahi kuwa na daftari zuri kuliko yote ya nchi hii. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola, na ulianzia kwetu. Watu wa afya waliandika kila aliyemgusa mgonjwa: nyumba yake, simu yake, siku aliyomgusa. Walimfuata kila siku kumpima joto. Ugonjwa uliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kutangazwa umekwisha Juni 2020, lakini orodha ile ilikuwa na jambo moja la heshima: baada ya siku 21 bila dalili, jina lako liliondolewa. Ulikuwa huru, na aliyekuandika ndiye aliyekufuta.

Rekodi ya midomo haina siku ya 21. Aliyeshukiwa kwa kakao ya jirani mwaka 2015, akaachiwa kwa kukosa ushahidi, bado ni mwizi mwaka huu, na mwanawe ni mtoto wa mwizi. Kambale aliyehukumiwa na Kambale aliyeonewa wanabeba mzigo mmoja, kwa sababu mdomo haujui jina la baba. Na usiku ambao kundi la vijana lina hasira na linatafuta wa kumchoma kwa tairi, hakuna anayekwenda kuuliza parke.

Hatua ya saba: nenda ukasikilize mwenyewe. Katiba yetu ya 2006 inasema, katika vifungu vya 20 na 21, kwamba vikao vya mahakama ni vya wazi na hukumu husomwa hadharani. Beni imeona hivyo kwa macho yake: kesi ya mauaji ya Kanali Mamadou Ndala wa jeshi la taifa iliendeshwa mbele ya umma mwaka 2014, na kesi za watuhumiwa wa kundi la waasi la ADF zilianza hivyo hivyo Agosti 2016. Rekodi ya jinai iliyo wazi kwa kila mwananchi ni hiyo: benchi la mahakama. Haihitaji dola safi. Inahitaji ukae, ufunge mdomo, na usikilize mpaka mwisho, pamoja na sehemu ambayo mshitakiwa anaachiwa huru, ambayo wengi huwa wameshaondoka kwenda kula.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla hujarudisha mbuzi wa watu, jiulize mambo matatu: huyu kijana alihukumiwa, au alitajwa tu? Alihukumiwa na mahakama gani, kwa jina gani kamili? Na kama alihukumiwa, adhabu yake imekwisha? Usipokuwa na jibu la hata moja, basi huna rekodi, una maneno. Kifungu cha 17 cha Katiba hiyo hiyo kinamhesabu mtu kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe, na hakikuweka kando watu wa Mangina.