Namna ya Kusoma Matangazo Kigangoni na Bado Ukasalimiwa

Umechaguliwa kuwa katibu wa kigango. Pole. Hukugombea, ulichelewa kikao, ukafika ukakuta wenzako wameshakupitisha kwa sababu mbili: mwandiko wako unasomeka, na unamiliki kalamu inayoandika. Kuanzia Jumapili hii, baada ya sala ya mwisho na kabla ya baraka, utasimama mbele na kaunta buku mkononi. Watoto wanaozurura nje watavutwa ndani, akina mama watahamishia wachanga bega la pili, na walioanza kusinzia kwenye somo la kwanza watafumbua macho. Usidhani ni uzuri wa sauti yako. Somo lilihusu Wakorintho. Matangazo yanawahusu wao.

La kwanza kulijua: hakuna utakachotangaza ambacho watu hawakijui. Huku kwetu Katavi kigango kiko mbali na gazeti, lakini hakiko mbali na habari. Binti wa fulani anaolewa? Walijua tangu wazee walipokuwa wakibishania ng'ombe wa 5. Padre haji? Walijua tangu jana jioni, bodaboda alipoiona pikipiki ya parokia imelazwa kwa fundi pale Mpanda mjini. Kwa hiyo usihangaike kutafuta jipya. Kazi yako ni kulirasimisha la zamani. Jambo likishatoka kinywani mwako linaacha kuwa umbeya, linakuwa tangazo, na watu wanaweza kulizungumza njia nzima ya kurudi nyumbani bila kuliungamia.

Na usione kazi hii ni ya kitoto. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, aliagiza kila kituo kiandike shajara ya kila siku. Mapadre wake walipofika Karema mwaka 1885 na kurithi ngome ambayo Wabelgiji walikuwa wameianzisha mwaka 1879 kando ya Ziwa Tanganyika, walifika na wino wao. Leo wasomi wanapanda ndege hadi Roma kusoma shajara za namna hiyo. Kaunta buku lako lenye doa la mafuta ya taa ni mdogo wa shajara hizo, kwa tofauti moja tu: wale mapadre hawakulazimika kuwasomea walioandikwa humo huku wakiwatazama machoni.

Ukisikia mzigo mzito, mkumbuke Adrian Atiman. Mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alitibu watu na kufundisha dini huko huko hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67. Wewe umeombwa mitatu, na tayari umeshamuuliza mwenyekiti habari za posho.

Sasa kazini. Anza na "Tumsifu Yesu Kristo." Wataitikia kama watu waliotoka kwenye homa. Rudia. Watajitahidi. Usirudie mara ya tatu, hiyo ni ya Padre.

Wageni wasimame wajitambulishe. Hapa jipe muda, maana mgeni wa huku hana jibu fupi. Mmoja ni Mfipa aliyeshuka kutoka Sumbawanga, mwingine Msukuma aliyetanguliwa na ng'ombe zake, wa tatu anatoka Katumba, wazazi wake waliingia kutoka Burundi mwaka 1972 na yeye ana cheti chake cha uraia ambacho yuko tayari kukionyesha hata kabla ya kuombwa. Wenyeji wenyewe, Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, watawatazama wote hao kwa upole wa watu waliokwisha kuzoea. Mgeni akisema amekuja "kutafuta maisha", mpigieni makofi na msimhoji zaidi. Anaelekea machimboni, na dhahabu haipendi maswali.

Ukimaliza tangazo lolote refu, mzee mmoja wa benchi la nyuma atanyosha mkono aombe liwekwe kwa Kisukuma. Mkalimani atajitokeza mwenyewe. Maneno yako 10 atayafanya 50, na watu watacheka mahali ambapo wewe hukuweka kichekesho. Usiulize walicheka nini. Mimi niliuliza, mwaka wangu wa kwanza, na jibu halikunisaidia.

Waraka wa askofu usomwe wote, hata kama mvua inajikusanya. Jimbo la Mpanda lilizaliwa mwaka 2000, mkoa wa Katavi ukafuata mwaka 2012, kwa hiyo kwenye foleni ya karatasi kanisa limetangulia kwa miaka 12, na mwenyekiti wa kijiji aliyekuja na karatasi yake ya chanjo atasubiri. Isipokuwa tangazo la mbolea ya ruzuku. Hilo ndilo peke yake ambalo waamini huomba lirudiwe.

Tufike kwenye sarufi, maana hapa ndipo makatibu wengi huvunjikia. Sheria kuu ni kwamba hakuna mtu anayetajwa. Kila kosa kigangoni hutendwa na "baadhi ya waamini". Jifunze hesabu yake: "baadhi ya waamini" ni mtu mmoja. "Wachache wetu" ni mtu na mkewe. "Wengi wetu" ni kwaya. "Tunakumbushana" maana yake ni mara ya nne, na "inasikitisha" maana yake mwenyekiti amekwisha kwenda nyumbani kwa mhusika na hakumkuta. Ukisema vizuri, "Baadhi ya waamini wanakuja na mbwa kanisani," vichwa vyote vitageukia upande mmoja bila wewe kuinua kidole, na heshima ya kila mtu itabaki mahali pake.

Lakini jiandae kwa baada ya ibada. Bibi mwenye mbwa atakusubiri mlangoni. Mwamkie kwanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umesema baadhi ya waamini."

"Ndiyo, bibi."

"Ulikuwa unanisema mimi?"

"Hapana, bibi. Tulikuwa tunajikumbusha sote."

"Haya. Basi huyo mwenye mbwa mwambie mbwa wake ni mwema kuliko kwaya."

Utaandika hilo kwenye shajara, si kwenye matangazo.

Ndoa na misiba zipite haraka, zinajitangaza zenyewe. Ndoa isomwe Jumapili 3, na kila mara useme "mwenye kujua kizuizi amwone Padre", kisha uinamishe macho kwenye daftari ili usione nani anamtazama nani.

Wanyama wana sehemu yao. Ng'ombe aliyepotea aelezwe rangi, pembe na chapa, na hapo ndipo wanaume wote watakuwa makini kuliko walivyokuwa kwenye Injili. Mkiwa jirani na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, tangazo la tembo litangulie yote, hata wageni, kwa sababu litaamua watu wanarudi nyumbani kwa njia ipi. Jumuiya ndogo ndogo hukutana jioni; tembo naye. Hakuna kikao cha jumuiya kilichowahi kumshawishi abadili ratiba.

Michango. Usiombe fedha kati ya Desemba na Machi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, mahindi bado yako shambani, gunia la mwaka jana limebaki mfuko, na anayeomba mchango wa bati mwezi Februari ataitikiwa kwa wimbo. Subiri mavuno. Mwezi Juni hata wale waliodai kuhamia madhehebu mengine hurudi na debe la mahindi kichwani. Na deni litajwe kwa jumuiya, kamwe si kwa kaya: "Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu bado tofali." Wenyewe wataonana.

Zamani simenti ikichelewa tulikuwa na kisingizio kisichojibika: barabara ya Tabora kupitia Inyonga, masika, lori limezama. Siku hizi imepigwa lami. Wengine wanaita maendeleo. Katibu anayeijua kazi yake anajua tumepoteza aya nzima ya matangazo, na treni ya Mpanda haiwezi kubeba lawama zote peke yake.

Kuna mwenzangu wa kigango cha jirani aliyejaribu kuchangamsha zaka kwa historia. Akawakumbusha watu mkwaju wa kando ya Ziwa Katavi, ambako wazee walimpelekea sadaka Katabi, mzimu aliyelipa jina ziwa, hifadhi na sasa mkoa mzima; akasema kama wale walitoa bila kuombwa, sisi je? Mzee mmoja akajibu kwa sauti ya chini iliyofika hadi altareni kwamba pale mkwajuni hapakuwa na katibu wa kusoma madeni. Usiingie njia hiyo.

Kuhusu mgeni rasmi wa harambee, nitasema kidogo. Tangu Mizengo Pinda wa Kibaoni awe Waziri Mkuu, mwaka 2008 hadi 2015, kila kigango cha mkoa huu kinaamini mtu mkubwa yuko umbali wa barua moja. Andika barua. Usitangaze jina mpaka umwone anashuka kwenye gari. Akituma mwakilishi, na mwakilishi akaja na bahasha na salamu, soma bahasha kwanza, kwa sababu salamu huwa ndefu.

Mnada ndio moyo wa mambo yote, na nakusihi uusimamie mwenyewe. Ufanyike nje, chini ya mwembe, mara tu baada ya baraka, kabla watu hawajakumbuka shughuli za nyumbani. Utakuwa na maboga, karanga, ndizi, pengine chupa ya asali. Anza na jogoo. Hakuna mtumishi wa kanisa anayefanya kazi kama yeye. Mwenyekiti atamnunua kwa shilingi 10,000 na kusema kwa sauti, "Namrudisha!" Mwalimu wa kwaya atamchukua kwa 7,000, "Namrudisha!" Akina mama wa WAWATA watachangishana khanga kwa khanga hadi 5,000, naye atarudishwa. Nimeshuhudia jogoo mmoja akiuzwa mara 5 Jumapili moja na jioni akalala kwa katekista, palepale alipolala Jumamosi. Bei hushuka kila mzunguko, kwa hiyo mpe kwanza mwenye uwezo, lakini si mwenye uwezo anayependa supu.

Nasema hivyo kwa sababu yalitukuta. Fundi baiskeli mmoja, mgeni kabisa, alitoa 6,000 zake, akampokea jogoo, akamfunga nyuma ya baiskeli, akaaga vizuri, akaondoka. Tulisimama chini ya mwembe kimya kama Ijumaa Kuu. Hakukosea kitu, alinunua, alilipa. Mwenyekiti alijaribu kuendelea na maboga lakini sauti ilimkatika. Fundi yule leo ni mhasibu wa kigango na mlipa zaka wa kwanza, ana wajukuu wawili waliobatizwa hapa hapa, na bado watu wazima wanamwita Baba Jogoo.

Siku Padre akija, kata kila kitu nusu. Ana vigango vingine viwili vya kufika kabla ya giza na pikipiki yake unaijua. Msomee ratiba ya ubatizo, mpe hesabu, na usiruhusu mkalimani asimame.

Yaliyobaki utajifunza mwenyewe. Jumapili hii usafi ni zamu ya Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu, waje na fyekeo na maji. Kalamu uifunge kwa uzi kwenye kaunta buku. Yangu, ya bluu, iliazimwa na baadhi ya wanakwaya, na aliyenayo tunamwomba amwone katekista.